Aliyemsalimia Cucu

Skuta, Nyeri
8 Novemba 1999

Kwako Shiro,

Natumaini kikohozi kimekuacha na tata, mama yako, hajambo. Huku tuko wazima, ni baridi tu na matope.

Niko na jambo, usisome hii mbele ya mtu. Kuna mtu ameingia kwenye imeli yangu. Ijumaa nilienda saiba mjini, pale pa kulipia intaneti, nikaandika neno langu la siri, kompyuta ikakataa. Mwenye saiba akajaribu pia. "Msichana, hii imebadilishwa. Ulimpa nani?"

Sikumpa mtu. Lakini unamkumbuka Kim wa maongezi ya kompyuta, ati yuko kidato cha nne? Unajua mbele ya watu mimi siongei. Kwake niliongea. Nilimwambia juu ya mdogo wangu Warigia, na juu yako huko Kerugoya. Ukipata imeli yenye jina langu, usijibu. Mama hajui kwamba mimi huenda saiba. Naogopa.

Binamu yako,
Ngendo

Kerugoya
12 Novemba 1999

Ngendo wangu,

Kikohozi kimeisha. Mama anawasalimu.

Imeli yenye jina lako ilitangulia barua yako. Ati tukutane Karatina Jumamosi tarehe ishirini, asubuhi, kwenye lango la soko, nije peke yangu. Nilikuwa nimeshachagua moyoni sketi ya kuvaa. Halafu nikafika mwisho: "Nisalimie cucu Warigia, mwambie nitamwona Krismasi."

Nikaisoma tena. Cucu, nyanya yetu, tulimzika Aprili, na wewe ndiwe uliyelia mpaka ukashikwa. Huyu ni nani, na jina la cucu amelijuaje?

Binamu yako,
Shiro

Skuta
16 Novemba 1999

Shiro,

Hamjambo nyote? Mimi ni mzima wa mdomo tu.

Nimejua alivyoingia. Kumbuka tulipofungua imeli zetu tuliulizwa swali, la kutusaidia tukisahau neno la siri. Niliweka jina la nyanya mzaa mama, nikaona nimeficha kweli. Na huku kwetu msichana wa pili huitwa nani, kama si nyanya mzaa mama? Nilipomtaja Warigia nilikuwa nimempa ufunguo. Badilisha jibu lako leo, tuliweka moja.

Nimemwambia mama. Nilingoja kiboko. Akaniuliza tu, "Na wengine unaowaandikia?"

Ni mmoja tu, Karwitha wa Nanyuki, aliniambia ni mrefu, wa miwani. Tunajuana kwa kompyuta tu. Sina sanduku lake la posta wala simu. Nimemwandikia kwa imeli mpya, hajajibu. Labda anafikiri mimi ndiye wa uongo. Kama naye ameitwa Karatina? Mama yuko zamu Jumamosi na amenikataza kutoka. Mwombe tata muende. Usiende peke yako.

Binamu yako,
Ngendo

Kerugoya
21 Novemba 1999

Ngendo wangu,

Pole kwa usingizi uliokosa. Tumerudi salama.

Tulisimama na mama langoni, karibu na magunia ya kabeji. Akaja msichana mrefu wa miwani, anaangalia kila uso. Nyuma yake kulikuwa na mwanaume wa umri wa baba, jaketi ya kijivu, anamwangalia yeye tu. Alipoanza kumkaribia nilikimbia nikamshika msichana mkono.

Akaniuliza polepole, "Wewe ni Ngendo?"

Ningemweleza saa ngapi? Nikasema ndiyo, twende kwa mama.

Nyuma yetu yule mtu akaita, "Karwitha." Kwa upole, kama mjomba. Hatukugeuka.

Karwitha alilala hapa kwetu. Baba yake amemchukua leo. Nisamehe, hata mimi nimejifanya wewe.

Binamu yako,
Shiro