Antena Tano Juu ya Gari la Nne

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: msichana, umri miaka 18, amemaliza shule mwaka huu. Anajifunza ufundi redio kwa mjomba wake na anaishi naye nyuma ya karakana.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, saa nne asubuhi, nilikuwa na mjomba mlangoni pa karakana. Magari manne ya jeshi yalisimama mbele yetu kwa sababu lori la mchanga lilikuwa limeziba njia panda.

Mjomba ana mchezo wake. Akiona antena yoyote huniuliza ni ya nini.

"Haya, binti, ile ya kwanza?"

"Ya redio ya kuongelea, mjomba."

"Ya pili?"

"Kama ile ile, ila wameikunja na kuifunga kamba."

"Na ile ya tatu?"

"Lile ni fagio."

Alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi, akaiweka mezani.

Juu ya gari la nne kulikuwa na fimbo fupi tano zilizopangwa duara, zote kimo kimoja. Nilisema sijui. Mjomba akasema, "Subiri, nitakwambia," akavuka barabara.

Kazi ya antena hujulikana kwa urefu wake, na mjomba hupima kwa shubiri. Hakuwa na miwani, kwa hiyo alisogea karibu sana na gari. Aliinua mkono, akatanua vidole hewani.

Askari aliteremka. "Unampa nani ishara, mzee?"

"Napima tu, afande. Namfundisha mpwa wangu."

"Panda. Utamfundisha ukirudi."

Askari mwingine alinijia akaniuliza kama ni mtu wangu. Mimi ni mwenye haya, sauti haikutoka. Akasema, "Basi rudi ndani." Nilirudi ndani.

Lori liliondolewa, magari yakaenda na mjomba. Nilimalizia kuunga waya wa redio ya mteja kwa sababu alisema angeifuata mchana. Aliifuata.

Afande anayeandika ameniuliza zile fimbo tano ni za nini. Sijui. Mjomba alikuwa bado hajaniambia.

Nimekuja na miwani yake. Bila miwani yeye hamtambui mtu mpaka amkaribie.

Nimesomewa niliyoyasema. Ndivyo ilivyokuwa, sina la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Kauli ya afisa: Nimeyaandika mimi, tarehe 17, mbele ya shahidi. Mtu aliyetajwa hayumo katika mahabusu ya kituo hiki. Shahidi ameambiwa asubiri nyumbani. Amerudishiwa miwani.