Kurasa Kumi na Moja za Msaga Unga

Mwalimu,

Tulikuzika Jumamosi. Nimerudi Nairobi, nimepiga pasi nguo za ofisi, nimesonga ugali nikala wote. Silii. Shangazi, hapa Muthangari, ananitazama kama mtu anayengoja maziwa yachemke.

Darasa lako la Dagoretti limepewa mwalimu mwingine, mkali, wanasema. Lile benchi la bustani ya mjini, ulipokuwa ukinikabidhi kurasa Jumamosi nikitoka kazini, limepakwa rangi ya kijani. Nilikaa kabla haijakauka. Sketi imeharibika na hata hasira sikupata.

Nina jambo la kukuungamia. Miaka miwili ulimtafsiri yule mshairi wa Waingereza wa kale, na mahujaji wake wanaosimuliana hadithi njiani kwenda kwenye kaburi la mtakatifu. Mimi nilizipiga taipu bosi akitoka. Baada ya Krismasi ukaleta ile ya msaga unga mlevi. Niliisoma hadi pale mtu anapofungua dirisha usiku ayatoe makalio yake nje, nikaifunika. Mimi, binti wa mzee wa kanisa, nipige taipu makalio ya mtu? Nikazificha kurasa zako sandukuni.

Uliponiuliza, "Dada, ya msaga unga umemaliza?" nilijibu, "Nimemaliza, Mwalimu." Ulifurahi hata ukaninunulia soda. Wiki iliyofuata ukalazwa hospitali, na hukutoka.

Matangani, huko kwenu Kakamega, niliombwa nisome kidogo kazi yako. Nikasoma ile ya mtawa mcha Mungu. Watu walisikiliza kwa adabu, wengine wakasinzia. Halafu mama yako akanishika mkono.

"Krismasi alikuwa anaandika hapo kwa meza, anacheka mpaka anapanguza machozi. Nikamuuliza, unacheka nini? Akasema, ngoja mama, dada atapiga taipu, utasomewa. Sasa ndiyo hiyo umesoma?"

Nikasema ndiyo.

Akafikiri kidogo. "Mbona haichekeshi?"

Nilisafiri na swali hilo mpaka Nairobi. Nimedanganya watu wawili kwa hadithi moja, na mmoja wao siwezi tena kumwomba radhi ila hivi.

Leo nimezitoa kurasa zako. Nimekwisha kupiga sita. Nabonyeza herufi tu. Ukurasa wa saba, mahali ambapo sikuwahi kufika, nimekuta maandishi yako ya penseli pembeni: "Hapa dada ataona haya. Aruke akitaka." Kumbe ulinijua. Ningefungua ukurasa mmoja zaidi, nisingekuwa na haja ya kukudanganya.

Siruki, Mwalimu. Pasaka nitapanda basi niende kwenu, nikae na mama pale mezani, nimsomee zote kumi na moja, na makalio yenyewe nitayataja kwa sauti, hata mchungaji akiwepo. Nenda salama, ndugu yangu. Mama akicheka, nadhani hapo ndipo nitakapolia.

Dada yako,
Rebeka