Sinki ya Mama Kendi Kule Ruiri

Fundi wangu,

Sinki ya Mama Kendi sasa inafanya kazi. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza kama nimekula.

Tangu tukuzike imepita miezi minne. Muda huo wote mkeo alikuwa akimwaga maji ya vyombo nje, kwenye migomba, kwa sababu kila alipotumia sinki ilikoroma, kisha harufu ikapanda jikoni. Na lile tundu ulilokata kwenye bati la paa siku ile, mvua ilikuwa ikiingia humo. Aliweka karai chini yake. Hakutaka fundi mwingine. Alinipigia mimi, mwanafunzi wako, na mara tatu sikushika simu.

Niliogopa, Fundi. Wacha nikwambie nilichoogopa.

Unaikumbuka ile hosteli ya Nchiru. Nilikuwa nimetoka kujifunza juu ya vali ya hewa, kile kidude cha plastiki kinachoingiza hewa kwenye bomba maji yakishuka, kisha kinajifunga ili harufu isitoke. Nilijiona nimejua sana. Nikaziweka ndani ya ukuta, nikapiga plasta juu. Vali isiyopata hewa ni bure. Haukupita muda wasichana wa ghorofa ya chini wakaanza kulala wameziba pua kwa leso. Ulivunja ukuta ule mwenyewe, na mwenye hosteli alipouliza nani alifanya ujinga huu, ukajibu, "Ni sisi."

Sisi! Na siku hiyo wewe ulikuwa kazini Manyatta, hukugusa hata msumari.

Baadaye uliniambia tu, "Nkatha, bomba lipumulie juu ya nyumba. Hizi vitu za plastiki tuachane nazo." Nikatii. Hata nilipoelewa kwamba kosa lilikuwa langu, si la vali, sikurudi kukueleza. Niliona aibu.

Asubuhi ile kwako, bomba la choo lilikuwa tayari limetoka juu ya paa, na hilo moja lilitosha kutoa nje harufu ya mabomba ya nyumba nzima. Sinki ya jikoni ilihitaji vali peke yake, lakini wewe ulitaka nayo ipate bomba lake juu ya bati. Nilikuwa nayo, Fundi. Ilikuwa ndani ya mkoba wangu, nimekuja nayo nikuonyeshe. Kulikuwa na manyunyu. Ukasema, "Shika ngazi, ni dakika tano." Nikashika ngazi. Mkoba ulikuwa hapo miguuni pangu, na sikufungua mdomo.

Ile sauti ya viatu vyako vikiteleza kwenye bati... hapana, hiyo siandiki.

Jumamosi nilimwambia Mama Kendi yote, tukiwa tumesimama jikoni kwake. Nilitarajia anifukuze. Alikaa juu ya gunia la viazi, akaiacha chai ikafurika na kuzima moto. Kisha akasema, "Hata mimi nilimwambia asipande, bati limelowa maji. Akaniambia niende niweke chai." Akanishika mkono. "Tulikuwa wawili, mwanangu. Sasa fanya hiyo kazi."

Nilipanda kwanza kuziba tundu. Jua lilikuwa limewaka tangu asubuhi, bati lilikuwa kavu kabisa. Alama yako ya penseli bado iko pale. Sikuifuta.

Halafu nikaweka vali ndani ya kabati la sinki, imesimama wima, juu ya kona ya bomba inayoshika maji, nyuma ya mlango unaofunguka, ili hewa iifikie na mtu aweze kuibadilisha ikichoka. Mama Kendi akajaza sinki, akaachilia. Maji yakashuka bila kelele. Akachukua kikombe chako akakiosha, akakisuuza, akakiosha tena. Alipoanza kukiosha mara ya tatu nilimkumbatia, tukalia tukiwa tumekishika wote wawili.

Hospitali hukuweza kuniaga, na makaburini mimi sikuweza. Basi naaga sasa. Kwaheri, Fundi. Pumzika. Mama Kendi sitamwacha. Na siku nyingine nikijua jambo nitalisema, hata kama anayetaka kupanda ngazi ni mtu ninayemheshimu kama nilivyokuheshimu wewe. Nitalisema kwa sauti, na akikasirika, akasirike.

Nkatha