Damu Ile Haikuwa ya Ng'ombe

Chumba cha nyuma, Bucha la Kona.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Habari za huko? Goti lako je, linakubali ngazi sasa au bado mnagombana? Shemeji nasikia kaanza kuota kitambi. Mwambie karibu chamani. Sisi huku hatujambo, ila mimi. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga. Simu yetu ya video inataka uso, na uso wa kukutazama sina.

Kwanza, simu yangu haikuharibika. Nilikudanganya. Sikutaka uione mikono yangu ilivyovilia damu, kama ya mwizi aliyekamatwa.

Unakumbuka nilikwambia damu yangu ina chembe nyingi mno za kugandisha, zile zinazoziba kidonda? Daktari aliniandikia aspirini ndogo, moja kwa siku, damu isije ikaganda ndani ya mishipa. Sina neno na dawa yake. Shida ni mimi. Kichwa kikaanza kuniuma, nikawa nanunua aspirini kubwa dukani na kuongeza juu ya ile. Kliniki nayo nikaacha. Mtu mzima kama mimi, nikakae foleni ya nini? Kumbe chembe zinazidi kupanda.

Ufizi ukaanza kutoa damu, kisha pua. Sasa niambie, Dada, muuza nyama akitokwa na damu nani atajua? Nikanunua aproni ya rangi ya damu ya mzee, ile nyeupe nikaisukumia kabatini. Mke wangu akasema imenitoa kweli kweli. Nikacheka naye. Lakini nilijua kwa nini nimeinunua, na hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo. Nilisimama juu ya chakula cha watu huku najua.

Ikafika Jumamosi moja, bucha limejaa. Yule mwalimu mstaafu, mteja wangu wa miaka nenda rudi, alitaka steki. Nakata, napiga soga, naweka kwenye mizani. Akainama, akatazama, akasema kwa sauti yake ileile ya darasani, "Bwana, hiyo damu si ya ng'ombe."

Nikakiweka kisu kwenye gogo. Nikajifuta pua kwa aproni, damu ikashuka tena, na safari hii haikutaka kukoma. Kuna aliyecheka, kuna aliyetema mate. Binti yangu, yule tunayemwita Bosi, alinibana pua kwa mkono mmoja na kufunga mlango kwa mwingine. Nyama yote ya mezani akaimwaga. Mimi nimekaa juu ya ndoo kama mtoto aliyejikojolea.

Hospitali daktari hakufoka. Heri angefoka. Nilimuuliza inakuwaje mwenye chembe tele avuje kama paa bovu. Akasema zikizidi kupita kiasi, humaliza kile kitu ndani ya damu kinachozisaidia kushikana. Ni matofali yamejaa uwanjani lakini saruji hakuna. Na mimi juu yake natia aspirini, ambayo nayo inazizuia zisishikane! Ameisimamisha. Amenipa dawa ya kuzishusha chembe, na aspirini itarudi siku atakayosema yeye. Nawe ile yako ya moyo usiiache kwa ajili yangu, nakujua ulivyo. Muulize kwanza daktari wako.

Chembe zimeanza kushuka, damu imekoma, na juzi ameniruhusu kurudi kazini. Mwili umeruhusiwa, Dada. Uso ndio umegoma.

Bosi alisugua bucha zima kwa sabuni na maji ya moto akafungua peke yake. Mimi nashinda humu nyuma ya pazia. Jana nikasikia mtu anamuuliza kama mzee bado anachuruzika kwenye nyama. Akajibu bila kupandisha sauti, "Baba anaumwa, anatibiwa. Hii nimekata mimi. Nikupimie au nisikupimie?" Nami, baba mtu, unajua nilifanya nini? Nililivuta pazia likafunika vizuri. Mtoto anatukanwa kwa ajili yangu na mimi natafuta pa kujificha. Nimeona aibu kuliko siku ile ya mwalimu.

Sijui kesho nitaweza. Nisikudanganye tena.

Msalimie Shemeji na wapwa wangu wote, na yule mdogo mwambie mjomba bado anamdai wimbo. Mungu akulinde wewe na goti lako, atukutanishe tukiwa wazima.

Wako akupendaye na anayekuonea haya,
Kitindamimba wako.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua tena. Nimetoka kunywa maji nikaikuta ile aproni nyeupe kwenye ndoano yangu, imepigwa pasi. Ile ya damu ya mzee, Bosi ameshaichana, anadekia sakafu. Kesho naivaa nyeupe, Dada. Likidondoka tone, walione wote, na mimi niwe wa kwanza kusema ni langu.