Mbu Wenye Mayai Machache

Akello mjukuu wangu,

Huku Kyebando tuko wazima, na mama yako amepata kazi mpya. Unauliza kwa nini yeye alizaliwa peke yake, bila ndugu.

Baada ya kumzaa, bibi yako aliugua muda mrefu. Alipona, lakini mimba haikuja tena. Mimi nikawa namwita mbele ya watu "mama wa mmoja."

Wakati huo nilikuwa nafugia watafiti mbu kwenye vizimba vya wavu. Kuna mbu waliopewa vidudu vya ugonjwa, wakataga mayai machache. Nikawatupa. Madam, mkuu wa watafiti, akauliza wako wapi.

"Nimetupa, Madam. Wavivu tu."

"Wavivu? Hao walikuwa wanapigana na ugonjwa, nguvu ya mayai ikaenda huko. Wewe mzee umetupa walioshinda."

Wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka. Nyumbani nikaacha yale maneno ya "mama wa mmoja," lakini samahani sikusema, miaka yote hii. Barua yako ilipofika nikamsomea bibi yako, halafu nikamwomba msamaha. Alikuwa anamenya matoke.

"Umechelewa," akasema. "Leta hiyo sufuria."

Nikaleta.

Babu yako