Esansi ya Njano na Maji ya Baraka

Alhamisi, 3 Oktoba 2024

Patron ameamka na akili mpya. Mungu atusaidie!

Patron wangu, Papa Ruphin, aliuza saruji miaka mingi kabla ya kununua ndege. Ndege moja, ya viti sita. Mimi ndiye makanika wake, na mume wangu Donat ndiye rubani wake. Leo ametuita kwenye hanga kutuambia kwamba mafuta ya bluu, yale ya ndege, hatutanunua tena. Ni ghali, yanakawia mpakani, na eti yana madini ya risasi ndani, ni sumu kwa watu. Tangu lini Ruphin anahurumia mapafu ya watu? Wabebaji wake walikohoa saruji miaka yote ile, hata kitambaa cha pua hakuwapa.

Kuanzia sasa ndege itakunywa esansi, petroli ya gari. Mapipa ameshanunua, sijui kwa nani. Si kwenye stasio ya mafuta, hilo naapa. Atakuwa kadhafi fulani wa barabarani, wale wanaouza kwa bidoni na chupa.

“Esansi njo esansi,” alisema. “Jeep yangu inakunywaka, haiyakufa.”

Jeep! Jeep ikizima unaisukuma pembeni.

Niseme ukweli, maana hapa hakuna wa kunisikia. Esansi ya gari si shetani. Kule nilikojifunzia kazi kulikuwa na kindege cha viti viwili, moteri ndogo, mpole. Kilikunywa esansi safi ya stasio na plagi zake zilikuwa safi kuliko zetu, kwa sababu risasi huacha uchafu. Lakini moteri yetu ni kubwa na inabana mafuta kwa nguvu. Ukiipa esansi dhaifu inagonga ndani kama mtu aliyefungiwa chooni. Kitabu cha moteri kinasema wazi. Patron anacho kitabu hicho ofisini – anazuilia mlango nacho.

Tumebakiza nusu pipa ya bluu. Inatosha kwenda Lukafu na kurudi, mara moja tu. Nimeifungia stoo na ufunguo nimeufunga kwenye kona ya kitenge.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimekwenda kwa patron, mtaa wa Golf, kuyaona hayo mapipa. Villa nzuri, majani ya bustani yamekatwa kama kichwa cha askari. Na mapipa? Nyuma ya jikoni, juani kabisa, kati ya jenereta na jiko la kuchomea mbuzi! Vifuniko vimelegea. Harufu inakupokea tangu getini. Jua la Oktoba!

Mafuta ya bluu ukiyafunga vizuri na kuyaweka kivulini, mwaka unapita na bado ni yale yale. Esansi ya gari ni kama nyanya. Ikikaa juani nguvu inaondoka, inabaki gundi. Nilimweleza patron. Aliniuliza kama nimekula.

Jioni nilimweleza Donat. Akasema patron ameisha kusema, sasa sisi tutafanya nini? Huyo ndiye mume wangu. Kwenye redio na watu wa mnara wa uwanja ni simba, mbele ya Ruphin ni kifaranga. Nilimpa sahani yake ya bukari, ugali wetu, nikaenda kulala.

Jumapili, 6 Oktoba

Lazima niandike hii kabla sijapasuka.

Kwetu kila kitu kipya hubarikiwa. Nyumba, gari, mashine ya kusaga, hata friji. Sikatai. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, na padri aliibariki baiskeli yake. Alikufa nayo ikiwa bado inatembea. Lakini baiskeli inanyunyiziwa kwa nje!

Basi leo baada ya ibada patron alialika watu kwake Golf kubariki esansi yake. Viti vya plastiki, hema, mbuzi, soda kwa watoto. (Jiko la mbuzi walilisogeza kidogo. Kidogo tu!) Pasta Mardochée alikuja na suti ya zambarau na viatu vyenye ncha. Patron alikuwa amejaza esansi kwenye chupa kubwa ya mayonezi ili wageni waone ilivyo safi. Njano, inang’aa, kama chai ya mgonjwa.

Pasta aliomba mpaka mbuzi ikaanza kuungua. Halafu akafungua chupa yake ya maji ya baraka akamimina kidogo ndani ya ile ya mayonezi. Ndani! Akafunga, akatikisa, akainua juu mbele ya jua.

Maji hayakuonekana.

“Bandugu!” pasta alipiga kelele. “Maji na esansi haiunganake hata siku moya! Leo imeungana! Mungu eko hapa!”

Aleluya, vigelegele, makofi. Patron alilia. Mama mmoja aliomba apakwe kwenye goti. Na Donat wangu – Donat aliyesoma, mwenye cheti cha rubani – alipiga makofi pia, polepole, huku akikwepa macho yangu.

Nilibaki nimesimama na sahani mkononi. Esansi safi haimezi maji. Maji yanazama chini, unayaona, unayatoa, kazi imekwisha. Ndiyo maana kila asubuhi natoa kidogo chini ya tangi na kuangalia kwenye glasi. Esansi inayomeza maji ina alkoli. Mtu ameiongezea pombe ili ijae! Pasta amefanya kipimo cha makanika mbele ya wageni wote wa parsele, kipimo kimesema “mbovu”, na wao wameimba.

Alkoli inakula mipira ya mabomba. Na kwenye joto esansi ya namna hii inachemka ndani ya bomba, moteri inakosa mafuta, inazima. Hewani hakuna pembeni pa kusukumia.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimenunua biberon mbili mtaani Kamalondo, zile chupa za mtoto zenye mistari ya kupimia. Mwenye duka alinipa hongera ya mimba. Nikamwambia asante.

Moja nimetia maji mpaka mstari wa kwanza, nikajaza bluu, nikatikisa, nikaacha itulie. Maji yamerudi pale pale. Ya pili nimefanya hivyo hivyo na esansi ya patron. “Maji” yamepanda mpaka karibu na mstari wa pili! Maji kidogo inayameza. Ukiongeza, alkoli inaiacha esansi na kuyafuata maji chini. Hata mtoto anaona.

Nimempelekea patron zote mbili ofisini. Ameziangalia. Akauliza ni za mtoto wa nani.

Nikamweleza upya, taratibu, kama kwa mtoto. Akasema nisitukane kazi ya Mungu. Akasema shida ya wanawake waliosoma ni kukosa imani. Debe tupu! Na linavuma.

Jumatano, 9 Oktoba

Ametia mwenyewe. Amekuja na dereva wake nikiwa sokoni, wamejaza esansi ya njano kwenye tangi na kumwambia Donat awashe. Saa sita mchana, bati la hanga linalia kwa joto.

Nilipofika moteri ilikuwa inazunguka. Vizuri, dakika chache. Patron ananiangalia, meno yote nje. Halafu ikakohoa. Ikashika. Ikakohoa tena – ikazima. Kimya. Donat alibaki kwenye kiti chake na mikono juu ya magoti.

Patron alisema moteri haijazoea. Kama mtu aliyebadilisha mkate. Atamwita pasta arudie, safari hii na moteri yenyewe. Na Jumatatu ndege itakwenda Lukafu na masista wawili wa dispensari, wameisha kulipa. Asubuhi mapema, kukiwa baridi. Basi! Hesabu imekwisha.

Nilisema sitatia sahihi kwenye daftari la ndege. Akasema makanika ni wengi Lubumbashi.

Nyumbani nilimuuliza Donat: utaruka?

“Nitaenda tu polepole, Mama Bénie.”

Polepole! Ndege! Nilicheka mpaka machozi, halafu yakaendelea machozi peke yake. Ninamdharau, ndiyo. Ninadharau shati lake lenye mabega ya dhahabu analopiga pasi mwenyewe. Na ninaogopa. Sitaki kuletewa shati hilo kwenye mfuko. Nimeandika, imekwisha.

Alhamisi, 10 Oktoba

Sikio la kufa halisikii dawa. Nimeosha biberon.

Ijumaa, 11 Oktoba

Ninaandika hapa hapa, stoo, nimekaa juu ya pipa la bluu.

Asubuhi jeep ya patron imeingia. Ndani yuko mama yake, Maman Germaine, amevaa vizuri, na sanduku, na kuku kwenye kikapu. Dada yake mkubwa ni mgonjwa Lukafu na barabara imekatika. Lazima aende leo. Pasta Mardochée naye yumo, kwa sala ya safari.

Patron amekuja peke yake mpaka mlangoni kwangu. Sauti ya chini, ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

“Mama Bénie. Toa ile ya njano yote mu tangi. Weka ya bluu. Ya leo tu.”

Sijawahi kusikia utamu kama huo! Nikasimama wima. Nikajibu kwa sauti ya kufika mpaka kwenye jeep:

“Patron, juu ya nini? Si ile ya njano ilibarikiwa?”

Akanikonyeza ninyamaze. Akasema mama eko na presha.

Presha! Basi mafuta ya bluu ni dawa ya presha sasa! Pasta alikuwa ameshuka, ameisikia, akaanza kutafuta kitu kwenye simu yake. Nikamuuliza na yeye kwa heshima zote: Papa Pasta, ndege ya esansi yako utaipanda lini? Akasema yeye haitwi kwenye safari za hewani, huduma yake ni ya ardhi.

Patron akataka ufunguo. Nikakaa juu ya pipa. Nikamwambia: hii inatosha safari moja. Ukimpa mama yako, Jumatatu masista na mume wangu watakunywa alkoli. Kwa hiyo chagua, na useme hapa, wote wasikie. Au nunua bluu, na Jumatatu isogezwe mpaka ifike. Akaniita mchawi. Akaniita mwizi. Akanifukuza kazi, halafu akasema nisiende kwanza. Na bado nimekaa.

Maman Germaine ameshuka kwenye jeep. Amekuja polepole na kikapu chake, ameinama mlangoni. Mama mzee lakini macho yake si ya mchezo. Ameniamkia kwanza, kama watu wanavyoamkiana. Halafu amemgeukia mwanawe.

“Ruphin. Mi nitaenda na ya bluu. Na bale ba sista ba Jumatatu, utabapatia ya gani?”

Patron amemtazama pasta. Pasta anatazama kuku.

Donat ametoka kwenye ndege. Amevua lile shati lenye mabega ya dhahabu, amelitundika kwenye bawa, yuko na singlendi tu. Ameingia stoo. Nilidhani amekuja kuniondoa. Amenisukuma kidogo na nyonga, nafasi ni ndogo, amekaa. Sasa tuko wawili juu ya pipa na siwezi kuandika vizuri kwa sababu kiwiko chake kinanisumbua.

Kuku amelia. Patron bado hajamjibu mama yake.