Hezekiah Alisema Kulia

Ruring'u, Nyeri
9 Juni 2025

Mpendwa dada yangu Phyllis,

Uko mzima? Na joto ya Voi? Mguu yako imepona? Mimi niko. Mgongo inauma lakini jembe bado nashika. Mvua ilikuja, maharagwe imekubali.

Sasa hiyo fellowship ya wazee kanisani ulisema nipeleke ndugu yetu Hezekiah. Tulienda jana. Takataka.

Kuna kijana anaitwa Munene, yuko na maiki na viatu nyeupe. Anatupigisha makofi kama watoto wa nasari. Anasema uzee ni furaha. Yeye ameuona wapi? Ati kila mtu aambie jirani, "Wewe ni mshindi." Jirani yangu alikuwa amelala.

Unajua Hezekiah alikuwa hajatoa machozi tangu tuzike bibi yake Kathambi. Haongei, halali. Mimi mke wangu alipokufa nililia nikachoka, nikarudi kibarua. Yeye machozi imekwama.

Munene akamuuliza, "Guka, babu yangu, unataka Mungu akufanyie nini?"

Hezekiah akasimama. Nilishtuka. Akasema, "Nataka kuria."

Unajua mdomo yetu, kulia inatoka kuria. Huyo mjinga akasikia Kikuyu, na kwa Kikuyu kuria ni kula. "Haleluya! Guka ako na njaa!" Akaletewa chai na mandazi. Kanisa yote makofi. Hezekiah akakula, kichwa chini.

Nilimshika mkono tukatoka. Nikamwambia, "Sasa lia."

"Hapa kwa barabara?"

Hiyo ni kweli. Nikampeleka kwa ile shamba nakatanga nepia, nyasi ya ng'ombe. Nyasi imepita kichwa ya mtu. Akaingia katikati, mimi nikabaki kando nakata ya ng'ombe. Alilia, Phyllis. Alilia mpaka ndege zikatoka. Sikumshika bega, sikuhubiri. Mungu alikuwa anasikia, yeye hatumii maiki.

Akatoka, akapangusa uso na kofia. Akasema tu, "Hii nyasi inawasha."

Leo asubuhi nimepita kwake. Nimegonga, hakuna. Nikaogopa. Kumbe anakoroma.

Usitutume huko tena. Na wewe ulizika Kathambi kwa simu. Kuja umwone ndugu yako.

Salimia watu wa nyumba yako, Mwaniki na Nyawira. Mungu awachunge huko kwa joto.

Na ukija, usibebe mandazi.

Ni mimi ndugu yako, nakupenda hata kama naandika vibaya,
Gatimu